Kesha, Mfungo na Maji ya Ziwa: Ya Kurekebisha Kabla ya Tarehe 19 Juni

Mhadhara wa muuguzi mstaafu mbele ya kamati za afya na huduma za jamii za makanisa kadhaa, Kisumu, 2026

Bwana asifiwe. Wachungaji, mama wachungaji, wazee wa kanisa, wanakamati, nanyi vijana wa kwaya ambao najua mmeitwa kupanga viti mkajikuta mmekwama hapa, hamjambo.

Niliombwa nieleze jinsi kanisa linavyoweza kuadhimisha siku za afya. Barua ya mwaliko ilikuja na orodha: kifua kikuu 24 Machi, malaria 25 Aprili, afya ya akili 10 Oktoba, kisukari 14 Novemba, siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia kuanzia 25 Novemba, Ukimwi 1 Desemba. Nikaisoma, nikacheka. Tukiifuata yote, mchungaji atabaki na Jumapili ngapi za kuhubiri? Nimechagua siku moja tu, 19 Juni, siku ya selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Umoja wa Mataifa uliitenga kwa azimio la Desemba 2008, na mwaka uliofuata ikaanza kuadhimishwa.

Nimeichagua kwa sababu ni ugonjwa wa kwetu huku ziwani. Na kuna sababu nyingine ambayo sijawahi kuiona kwenye bango lolote: kanisa lenyewe lina mkono katika mateso ya wagonjwa hawa. Mkinisikiliza hadi mwisho mtaniambia kama nimewasingizia.

Tuanze na ugonjwa. Chembe nyekundu ya damu kwa kawaida ni mviringo na laini, inapenya kwenye mshipa mwembamba bila shida. Ya mgonjwa wa selimundu, oksijeni ikipungua, hujipinda ikawa kama mundu wa kukatia nyasi. Mundu mmoja hunasa, wa pili hunasa juu yake, mshipa unaziba, na sehemu iliyokosa damu inauma. Nimehudumia wanawake wazazi na nimehudumia waliovunjika mifupa kwa boda boda. Sijaona maumivu yanayozidi ya mtoto wa miaka sita aliyeshikwa na selimundu usiku. Tena chembe ya kawaida huishi siku 120 hivi, hizi huishi kati ya 10 na 20. Ndiyo maana mtoto huyu hana damu ya kutosha na macho yake ni ya manjano. Akizaliwa huwa mzima kabisa, maana damu aliyotoka nayo tumboni humkinga miezi michache. Kisha siku moja mama anaona vidole vya mikono na miguu vimevimba, na mtoto hataki kuguswa.

Hapo ndipo maneno huanza. Mama mkwe ana lake, jirani ana lake. Huku kwetu neno la kwanza ni chira: kuna mwiko umevunjwa, na mara nyingi aliyeuvunja ni mke aliyeolewa. Nimeona wanawake wakirudishwa kwao na mtoto mgongoni kwa sababu hiyo.

Sasa naomba nikae hapa kidogo, kwa sababu hapa pana habari ambayo ningependa kila mzee wa kanisa aijue. Palikuwa na daktari aliyeitwa Anthony Allison. Alizaliwa Afrika Kusini lakini alilelewa Gilgil, hapo kabla hujafika Nakuru. Mwaka 1949, akiwa bado mwanafunzi, alizunguka Kenya akipima damu za watu. Akaona jambo la ajabu: Pwani, na huku kwetu kando ya ziwa, waliobeba chembe hii walikuwa wengi, zaidi ya mmoja kati ya watano katika baadhi ya jamii. Nyanda za juu hawakuonekana kwa urahisi. Akajiuliza, Pwani na ziwa vina nini ambacho milima haina? Mbu. Mwaka 1954 akachapisha jibu lake: mtu aliyerithi chembe hii kwa mzazi mmoja tu, yule tunayemwandika AS (A ni ya kawaida, S ni ya mundu), haugui selimundu, na malaria kali haimuui kwa urahisi.

Mnaelewa maana yake? Bibi zetu waliolala bila neti kando ya mabwawa haya wakakua wakazaa, wengi walikuwa na hiyo S moja. Ndiyo iliyowavusha. Wewe unayenitazama hapo huenda upo kwa sababu yake. Shida huja AS anapokutana na AS. Kila mimba yao ni kura mpya: nafasi moja kati ya nne mtoto awe SS, yaani mgonjwa, mbili kati ya nne awe AS kama wazazi wake, moja kati ya nne awe AA, asiye na S kabisa. Watu hukosea hapa, wanadhani wakishapata mgonjwa mmoja wale watatu wanaofuata watakuwa salama. Kura haina kumbukumbu. Na mtoto wa SS amepata S moja kwa mama na S moja kwa baba. Baba mkwe akitaka kumrudisha mkaza mwana kwao, basi na mwanawe afungashiwe mizigo.

(Kicheko ukumbini.)

Mnacheka, lakini hilo lisemwe madhabahuni. Likisemwa na muuguzi kliniki, linaishia kliniki.

Sasa nije kwetu wenyewe. Mambo yanayoamsha maumivu ya selimundu yanajulikana: upungufu wa maji mwilini, baridi, uchovu mwingi, homa na maambukizi. Haya, tuangalie ratiba ya kanisa. Ijumaa tuna kesha, watoto wanalala kwenye mkeka juu ya sakafu ya saruji hadi alfajiri. Januari tuna mfungo, na wapo wanaofunga kavu, bila hata tone la maji, siku tatu. Mkutano wa injili uwanjani, jua la saa saba, mtoto amesimama. Ubatizo ziwani alfajiri. Ukimpa mtu ambaye si Mkristo orodha ile ya kwanza na hii ya pili, atadhani ya pili imetungwa na adui.

Nilikuwa zamu kijana wa darasa la saba alipoletwa. Kanisa lake silitaji. Alikuwa amebatizwa ziwani saa kumi na mbili asubuhi, mwezi wa Julai, akasimama na nguo mbichi hadi wenzake wote thelathini na kitu wakamalizika. Saa nne alikuwa wodini anauma shuka. Kilichoniumiza mimi ni kwamba mwalimu wake wa Sunday school alijua ana selimundu. Alijua jina la ugonjwa. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba maji baridi yana neno na huo ugonjwa. Na kanisa hilo hilo, mwezi mmoja kabla, lilikuwa limeandamana kwa siku ya selimundu kutoka Kondele hadi mjini na tisheti nyekundu.

Na kuna kadogo ambako ni kakubwa. Figo za mgonjwa huyu hazishiki maji vizuri, hivyo anakunywa sana na anakojoa sana. Mtoto akinyoosha mkono mara ya tatu kutoka nje wakati wa somo, mwalimu humwambia kaa chini, unasumbua. Mtoto ni mwerevu. Jumapili ijayo hanywi maji kabla ya kuja kanisani. Jumatatu yuko hospitalini.

Juu ya maombi na dawa nitapita haraka, maana wachungaji wengi hapa wameelewa. Omba, paka mafuta, wekea mikono. Lakini usimwambie mzazi aache dawa ili kuonyesha imani. Vitamini ya foliki ni ya kila siku. Penisilini ni ya kila siku kwa wadogo wa chini ya miaka mitano, kwa sababu wengu wao umeharibika na bakteria huwaua upesi. Kinga ya malaria nayo ni ya kila siku, pamoja na neti. Kisha kuna dawa iitwayo haidroksiyurea. Ilijaribiwa kwa watoto wa nchi nne za Afrika, Kilifi yetu ikiwa mojawapo ya vituo, na matokeo yakachapishwa 2019: maumivu yalipungua, haja ya kuongezewa damu ikapungua, hata malaria na vifo vikapungua. Na mtoto wa SS akipata homa, hiyo si ya kungoja ibada iishe. Ni hospitali sasa hivi, hata kama mhubiri ametoka Nairobi.

Wazee mnakumbuka tulivyofanya na Ukimwi. Rais Moi aliutangaza janga la kitaifa Novemba 1999, na hadi hapo tulikuwa tumezika watu kwa miaka mingi tukisema ni malaria, ni kifua, ni chira. Chira tena. Jirani zetu Uganda, mchungaji Gideon Byamugisha alisimama mwaka 1992 akasema hadharani kwamba yeye mwenyewe ana virusi. Naliwaza sana hilo. Ni wangapi kati yetu hapa, wachungaji na wake zetu, wanaojua kama ni AS? Jumapili moja mchungaji aseme tu, «Mimi nimepima, ni AS, na mama ni AA.» Hiyo itafanya kazi kuliko mabango yangu yote.

Ambapo tuna nguvu kuliko hospitali yoyote ni katika mafunzo ya ndoa. Wachumba wanakaa mbele yetu wiki kadhaa. Wapimwe mapema, kabla ya mahari, wala si wiki ya harusi kadi zikiwa zimeshatoka. Na muwe makini na kipimo: baadhi ya vile vya haraka huonyesha tu kwamba S ipo, havitofautishi AS na SS. Ombeni kipimo kamili cha aina ya himoglobini, ile protini ya damu inayobeba oksijeni. Wakikutwa wote ni AS, kazi yetu ni kuwaeleza kura ile ya moja kati ya nne, kisha kunyamaza. Uamuzi ni wao.

Sasa kalenda ya mwaka huu, na hapa Mungu ametupangia. Tarehe 14 Juni ni siku ya wachangia damu, na imeangukia Jumapili. Tarehe 19 imeangukia Ijumaa, siku ya kesha. Damu nyingi nchini hutolewa na wanafunzi wa sekondari. Shule zikifungwa benki ya damu hukauka, na watoto wetu wa selimundu ndio wanaongoja. Kanisa halifungi. Mtu mzima wa afya njema, wa kilo 50 na zaidi, anaweza kuchangia. Hiyo Jumapili tutoe damu. Ijumaa tufanye kesha, ila iishe saa nne za usiku, pawe na uji wa moto na maji, na watoto walale kwenye magodoro.

Nimemaliza, niulizeni.

Mzee pale nyuma. Ndiyo, baba. Anauliza, kwa hiyo mtoto wa selimundu asibatizwe kwa kuzamishwa?

Abatizwe, baba. Saa saba mchana jua likiwa limepasha maji ya kando, au kwenye birika la kanisa mkiwa mmechemsha maji. Awe wa kwanza kwenye foleni, mama yake asimame na taulo na sweta. Na chai iwe tayari kwenye thamosi. Mama wa huduma, hiyo thamosi ni yenu.