Apigwe na Nani?

Asanteni. Mwenyekiti ameniomba nizungumzie siasa, nami ni mwalimu wa Kiswahili. Mtanivumilia basi nikianza na kitenzi. Kitenzi chenyewe ni "apigwe".

Tarehe 9 Julai 2025, siku mbili baada ya maandamano ya Saba Saba ya kuipinga serikali, Rais William Ruto alikuwa Kilimani, Nairobi, kwenye mradi wa nyumba za polisi. Hapo ndipo aliposema kwamba anayechoma biashara ya mwenzake apigwe risasi ya mguu, apitie hospitalini akielekea kortini. Wasiue, akasema, lakini wavunje miguu. Alisema kwa Kiswahili, kwa hiyo hatuwezi kumsingizia mfasiri.

Wakati huo Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuwa bado inahesabu maiti wa Saba Saba. Jioni ya siku yenyewe ilitaja watu 10. Kesho yake, 31.

Nchi nzima ikaanza kubishania mguu. Wengine wakasema afadhali mguu kuliko kifua, Rais amewahurumia. Wengine wakauliza ni askari gani anayeweza kulenga mguu wa mtu anayekimbia katikati ya moshi na umati. Swali zuri. Pajani mna mshipa mkubwa wa damu, na ukikatika mtu anaweza kufa kabla gari halijapatikana. Lakini naona tulibishania kiungo cha mwili tukasahau sentensi.

Kabla sijarudi kwenye sentensi, nimtendee haki mwenye duka. Kuna watu waliofungua milango asubuhi wakakuta rafu tupu, na benki haisamehi mkopo kwa sababu duka limeporwa. Ukimwambia mtu huyo habari za haki za binadamu atakuuliza zake ziko wapi, na hana kosa kuuliza. Ibara ya 37 ya Katiba inalinda mkusanyiko wa amani usio na silaha. Anayebeba televisheni ya mtu mabegani hajalindwa na ibara hiyo. Hata Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Polisi, katika Jedwali la Sita, inataja mali pamoja na uhai pale inaporuhusu bunduki kutumika baada ya njia nyepesi kushindwa. Waliodai kwamba sheria haijui mali kabisa hawakuisoma hadi mwisho.

Ila someni anayeamua ni nani. Ni askari aliye pale pale, anayeona kwa macho yake, na ambaye mtu akifa au akijeruhiwa vibaya lazima ajieleze, suala lifike IPOA, mamlaka huru inayosimamia mienendo ya polisi. Sheria inataka kila risasi iwe na mwenyewe.

Sasa rudini kwenye "apigwe". Ni kauli ya kutendwa. Anayepigwa tunamwona: ana kiberiti, ana mguu. Anayepiga hayumo. Kisha Rais akageukia "wasiue", "wavunje", na hapo mtenda amekuwa "wa-" tu. Wao. Ni nani hao? Jina halikutajwa, na halikuhitajika, kwa sababu alikuwa akizungumzia kwenye makao yao. (Mwanafunzi wangu mmoja alinikosoa: Mwalimu, kila mtu amejua ni polisi. Nikamjibu, ndiyo, na ndiyo maana inatisha.)

Katiba iliona hatari hiyo mapema. Ibara ya 245 inampa Inspekta Jenerali amri huru ya polisi. Waziri anaweza kumpa mwelekeo wa sera, na lazima uwe kwa maandishi. Lakini hakuna mtu, nasema hakuna mtu, anayeruhusiwa kumwelekeza namna ya kutekeleza sheria dhidi ya mtu fulani. Watetezi wa Rais watasema ile ilikuwa hasira ya mzazi, haikuwa amri. Huenda. Lakini konstebo aliyesimama jua kali hana wakili wa kumtofautishia hasira na amri. Yeye amesikia Amiri Jeshi Mkuu.

Mwaka mmoja nyuma, tarehe 25 Juni 2024, waandamanaji waliokuwa wakipinga Mswada wa Fedha waliingia Bungeni na sehemu ya jengo ikawaka moto. Jioni hiyo Rais alizungumza kwa ukali, akautaja uhaini, na wanajeshi wakaitwa kusaidia polisi. Kesho yake akakataa kutia saini mswada huo uliokuwa umepitishwa kwa kura 195 dhidi ya 106. Wapo waliomsifu kwa kusikia, wapo waliosema amesikia akiwa amechelewa. Mimi niliona kwamba alijibu mswada. Waliouawa katika maandamano hayo walikuwa suala jingine, na jibu la suala hilo liliendelea kudaiwa hadi 2025.

Na mwaka huo wa 2025, tarehe 17 Juni, mchuuzi wa barakoa alipigwa risasi ya kichwa na polisi katikati ya Nairobi, karibu kabisa, kamera zikirekodi. Hakuwa na kiberiti. Alikuwa na barakoa za kuuza. Alifariki mwisho wa mwezi, siku chache kabla ya hotuba ya Kilimani. Kila ninapomsikia mtu akisema risasi ya mguu itawatisha waporaji, namkumbuka huyo, ambaye naye alikuwa mfanyabiashara.

Nimalizie na Agosti. Mwezi mmoja baada ya Kilimani, Rais huyohuyo aliunda jopo la kushughulikia fidia kwa waathiriwa wa maandamano tangu 2017. Mjadala mwingine ukazuka, wa kama ana mamlaka hayo, na ukafika mahakamani. Hilo tutaliacha kwa wanasheria. Naona wawili pale nyuma wameshainua mikono. Mimi nimetazama jambo dogo tu: agizo la fidia lilitolewa kwa maandishi, lina tarehe na majina ya wanaotakiwa kulitekeleza. Lile la miguu lilitolewa kwa mdomo.