Mnaoniuliza kuhusu udereva wa basi Ujerumani, leo najibu

Haya jamani, habari za huko. Sikupanga kurekodi leo, ila mmenishinda. Nikiweka video ya kupika ugali, swali ni hilo. Nikiweka ya theluji, hilo hilo. Hata ile ya ubatizo wa mtoto wa shoga yangu, mtu kapita hongera zote akaandika: "Dada, nasikia huko wanatafuta madereva wa basi, nianzie wapi?"

Nimekuwa nakwepa kujibu kwa sababu nawajua. Nikisema kazi ni nzuri, mtasema naringa. Nikisema ina taabu zake, mtasema anakula yuro na bado analia. Kwa hiyo tukubaliane kabla sijaendelea: naeleza njia niliyopita mimi, hapa Hamburg, na mimi nilikuja kwa visa ya mwenza. Sikuja kwa visa ya kazi. Mwenzangu wa mji mwingine anaweza kukwambia tofauti, na wote tukawa tunasema kweli.

Tuanze na habari iliyowasha huu moto. Tarehe 13 Septemba 2024 Rais Ruto na Kansela Scholz walishuhudia mkataba wa ajira na uhamiaji kati ya Kenya na Ujerumani kule Berlin. Siku hiyo hiyo mitandaoni ikawa imeshazagaa kwamba nafasi ni 250,000. Wizara ya Mambo ya Ndani ya Ujerumani ikakanusha, ikasema mkataba hauna idadi yoyote ndani yake. Mnaijua idadi ya madereva wa basi Wakenya waliotajwa kupokelewa wakati ule? Watano. Kule Flensburg, mji mdogo karibu na mpaka wa Denmark, kwa mradi wa majaribio. Siwadharau hao watano, Mungu awabariki, nasema tu kwamba watano na laki mbili na nusu ni vitu viwili.

Na ndugu zangu Watanzania, ule mkataba ni wa Kenya. Haimaanishi mlango wetu umefungwa. Sheria ya hapa ina kipengele cha madereva wa kulipwa kinachomruhusu mwajiri kumleta mtu kutoka nje ya Ulaya, akapewa hadi miezi 15 ya kupata leseni ya huku na sifa ya udereva, yaani cheti cha kuendesha kwa kulipwa, halafu ndiyo aanze kazi yenyewe. Lakini sikilizeni vizuri: mwajiri. Yeye ndiye anaanza, na mkataba unao mkononi kabla hujakanyaga ubalozini. Yule wakala wa Kariakoo anayetaka mamilioni ili "akuingize kwenye orodha", hiyo orodha iko kwenye simu yake. Kuna mtu wa karibu yangu keshauza kiwanja kwa ajili ya orodha kama hiyo, na mpaka leo anaambiwa subiri wiki ijayo. Nikimgusia anakasirika, anasema namwonea wivu. Mimi! Nipo huku tayari, nimwonee wivu wa nini?

Tuje kwenye leseni, maana hapa ndipo wengi mnadhani mmeshamaliza. "Dada nina daraja C, nimepita NIT, chuo cha usafirishaji pale Mabibo, nimeendesha basi la mkoani." Hongera, na barabarani utaona faida yake, lakini kwenye makaratasi ya huku haikupeleki popote. Leseni yako ya nyumbani inatumika miezi sita tangu uanze kuishi hapa. Baada ya hapo ni karatasi tu. Kuna orodha ya nchi ambazo leseni zake zinabadilishwa bila mtihani. Afrika Kusini wamo. Namibia wamo. Sisi hatumo. Darasani nilikuwa na dada wa Windhoek, Namibia, ambaye leseni yake ya gari dogo aliibadilisha bila mtihani wowote, mimi nikarudia kila kitu, nadharia na vitendo. Kama ni kigezo cha kutawaliwa na Wajerumani, hata sisi walitutawala!

Kwa hiyo unaanza na gari dogo. Leseni yako inatafsiriwa rasmi, unalipa. Unafanya kozi ya huduma ya kwanza, unalipa. Unapima macho, unalipa. Mtihani wa nadharia unaweza kuufanya kwa Kiingereza, Kifaransa, hata Kiarabu, ila Kiswahili hakipo. Ukishafaulu, siku ya kukabidhiwa leseni ya huku wanaichukua ile ya kwako. Mwanamama wa dirishani aliipokea ya kwangu akaitupia kwenye trei bila hata kuitazama. Ile leseni mnajua nilivyoihangaikia pale Moshi.

Na ofisi za huku, kila kitu ni barua ya posta. Unatuma maombi, unakaa, barua inakuja inasema kuna karatasi moja imepungua. Unaipeleka, unakaa tena, inakuja nyingine inasema ile ya kwanza imeshapitwa na muda. Ofisi moja, siitaji, ilinizungusha hivyo mpaka mwajiri akanisogeza kwenye kundi la baadaye la mafunzo. Hakuna wa kumgombeza, kila mmoja anakujibu kwa adabu kabisa na anarudi kwenye kompyuta yake.

Ukishakuwa na ya gari dogo, ndiyo unaomba ya basi, wenyewe wanaiita daraja D. Kuna cheti cha polisi, kuna daktari, kuna macho tena, na kuna kitu ambacho hakuna aliyenitahadharisha: kipimo cha akili na wepesi. Unakalishwa mbele ya skrini, taa zinawaka rangi tofauti, sauti zinalia, wewe unabonyeza vitufe na kukanyaga pedali kulingana na unachokiona na kusikia, na mwendo unazidi kuongezeka. Wanapima umakini, kasi ya kuitikia, uwezo wa kufanya kazi ukiwa umebanwa. Nenda umelala. Usiende umetoka zamu ya usiku ya kusafisha ofisi.

Sasa fedha, najua hapa ndipo mmekaa vizuri. Leseni ya basi pamoja na ile sifa ya udereva wa kulipwa, ukijilipia mwenyewe, mara nyingi inapita yuro 10,000. Ndiyo, leseni. Ndiyo maana karibu hakuna anayejilipia. Ama analipa mwajiri, ama ofisi ya ajira inakupa hati ya mafunzo kama umeshaandikishwa kwao. Mimi alilipa mwajiri. Watu wakasikia "amesomeshwa bure". Hakuna bure. Kwenye mkataba wangu kuna kipengele kwamba nikiondoka kabla ya muda uliowekwa, narudisha gharama, na deni linapungua kila mwezi ninaobaki. Niliusaini na ningeusaini tena, kwa sababu sikuwa na hizo elfu kumi wala mjomba wa kuniazima. Lakini kuna mwenzetu alitaka kuhamia Berlin akafuate ndugu zake, akakuta hawezi mpaka alipe. Wakikupa mkataba, omba uende nao nyumbani, mtafute mtu anayekijua Kijerumani cha mikataba. Wala hawakasiriki, wao wenyewe hawasaini kitu bila kusoma.

Na wakati wa mafunzo mshahara unakuwa chini kuliko wa dereva kamili. Hata ukishakuwa kamili, msizidishe na shilingi! Kwa mtu asiye na ndoa, karibu theluthi inaondoka kabla haijagusa benki: kodi, pensheni, bima ya afya, bima ya kukosa kazi, bima ya kutunzwa uzeeni. Halafu kodi ya kanisa. Ee, ipo. Siku unajiandikisha manispaa wanakuuliza dini, mimi mtoto wa KKKT nikajibu kwa fahari Mlutheri, na tangu hapo inakatwa, kwa Hamburg ni asilimia 9 ya ile kodi ya mapato. Silalamiki, kanisa ni langu. Ninacholalamikia ni kwamba usharika wa nyumbani nao wananitumia bahasha ya ujenzi, na mzee wa kanisa anampigia mama kuuliza mbona binti yako wa Ulaya kimya. Mzee wangu, nimeshatoa! Imekatwa huku kabla sijaiona!

Turudi kwenye basi. Ulitegemea siku ya kwanza utapewa usukani? Utakaa darasani. Mafunzo ya haraka ya ile sifa ni saa 140, na ndani yake za kuendesha ni 10 tu. Zinazobaki ni sheria, breki, muda wa kuendesha na kupumzika, afya ya dereva, moto, abiria mwenye ulemavu. Mwisho kuna mtihani wa dakika 90 wa Chemba ya Viwanda na Biashara, IHK. Mimi nilifanya kwa Kijerumani, na nilisoma kuliko nilivyosoma chuo kikuu. Mnaouliza "lugha si nitajifunza nikifika": utajifunza, lakini mkufunzi hakusubiri, na kwenye redio ya basi muongozaji wa safari anaongea haraka, na kuna lafudhi.

Barabarani kwenyewe, kwetu sisi tuliozoea kushoto, mwili unagoma. Mkono unatafuta upande usiokuwepo. Halafu kuna mitaa isiyo na kibao wala taa, pale anayetoka kulia ndiye anayepita, hata awe kwenye kigari kidogo na wewe una basi la mita 12. Nyumbani mkubwa ndiye anapita, tusidanganyane. Na ukipiga kona, sehemu ya nyuma ya basi inafagia upande wa pili. Mkufunzi wangu alikuwa anaweka koni za plastiki, anakunja mikono, anatazama tu.

Kazi yenyewe sasa. Hakuna konda, hakuna hesabu ya bosi, hakuna kugombea abiria. Kwenye mabasi ya hapa Hamburg hata fedha taslimu hazipokelewi tangu 2024, kwa hiyo wale wa "chenji yangu" sinao. Bosi wako ni ratiba. Na kosa kubwa siyo kuchelewa, ni kuondoka kituoni mapema. Ukiwahi dakika moja unasimama hapo unasubiri, milango wazi, baridi inaingia, kila mtu kimya.

Mapumziko yapo kwenye karatasi. Baadhi yanahesabiwa zile dakika za kituo cha mwisho kabla hujageuza. Foleni ikikuchelewesha, hizo dakika ndizo zinaliwa. Na wanawake wenzangu, hili hakuna anayelisema kwenye video: choo. Siyo kila mwisho wa ruti una choo, vingine vina ufunguo, vingine vimefungwa. Siku za mwanzo nilikuwa siogopi barabara, naogopa chai. Kuna pia zamu ya kukatwa katikati, unafanya asubuhi, unaachwa saa kadhaa, unarudi jioni. Mwenye watoto aiulizie mapema.

Abiria wengi ni wazuri, wanakusalimia "Moin" asubuhi mpaka usiku. Wachache wanakutazama, wanatazama namba ya basi, wanakutazama tena. Mmoja aliwahi kuniuliza dereva yuko wapi. Nimekaa kwenye usukani. Nikamwambia anakuja, akakaa, nikawasha nikaondoka.

Lakini hao hawaniumizi kama kundi la ukoo. "Digrii ya uhasibu yote ile, ameenda kuendesha daladala ya wazungu." Aliyeandika hivyo, ada ya mwanawe ya muhula huu nimelipa mimi. Nimeishia hapo, asije akajijua.

Kwa hiyo nianzie wapi? Kwa nilivyoona mimi, aliyeko nyumbani aanze na Kijerumani, siyo na wakala, na aombe kazi kwa kampuni yenyewe, bila kulipa mtu. Aliyeko huku tayari na ana kibali cha kufanya kazi, aulize ofisi ya ajira na yadi ya mabasi iliyo karibu naye, wengi wana siku za kujaribu. Zaidi ya hapo sijui hali yako, umri wako, macho yako wala visa yako, usije ukaniambia dada ulisema.

CV msinitumie, mimi siajiri. Mshahara wangu kamili sitaji. Ile video ya kusoma mkataba kipengele kwa kipengele nitaifanya nikiingia zamu za mchana. Wiki hii natoka nyumbani saa tisa usiku, na hapa ninapoongea nilitakiwa niwe nimeshalala.