Picha Huanzia Miguuni: Mazungumzo na Washiriki wa Shindano la Picha za Matembezi, Malindi

Assalaam alaykum. Hamjambo wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliojaa huko nyuma. Mwenyekiti ameniomba niwaeleze majaji tunatafuta nini. Tunatafuta picha ya mtu aliyetembea. Iliyopigwa kupitia dirisha la matatu hujulikana tu, hata ikiwa na rangi nzuri namna gani.

Nianze na jua. Malindi jua halizami baharini. Huchomoza baharini na kutua nyuma yetu, huko bara. Basi ile picha ya mnazi mweusi na anga jekundu juu ya maji ni ya alfajiri, na anayeiandikia "machweo" ametushitakia mwenyewe kwamba hakuwapo. (Kicheko.) Asubuhi ukielekea bahari, mwanga unakujia usoni, mashua na mvuvi wote wanakuwa vivuli. Saa kumi jioni mwanga uko mgongoni kwako, rangi ya tanga na ya mchanga zinatoka. Na hapa karibu na ikweta jua hupanda upesi. Ikifika saa tatu asubuhi, mtu aliyevaa kofia hana uso tena pichani.

Lakini kujua jua bila kujua maji hakukufikishi mbali. Chukueni Mida, ile hori ya bahari yenye mikoko kusini ya Malindi. Wengi huenda maji yakiwa yamepwa, wanakuta ndege ni vitone kule mbali topeni, wanavuta picha karibu mpaka inakuwa ukungu, kisha wanarudi wakilaumu simu. Simu haina kosa. Maji yakianza kujaa, ndege waliotawanyika wakila kaa na minyoo husogezwa kidogo kidogo kuelekea ukingoni. Ukiwa umekwisha kukaa kwenye ile njia ya mbao ndani ya mikoko, kimya, wao ndio watakaokufuata. Hapo utampata hata yule mla kaa mweupe na mweusi, mwenye mdomo mnene, anayetaga ndani ya mashimo ya mchanga huko fukwe za Uarabuni na Somalia, kisha huja kwetu kwa wingi wakati wa kaskazi. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukipevuka, maji hupwa sana kiasi cha saa nne asubuhi, na kila siku inayofuata saa hiyo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Mvuvi wa Mida hahitaji kufundishwa haya. Muulizeni kabla hamjapanda bodaboda.

Sabaki nako, pale mto unapoingia baharini, watu hulalamika kwamba maji ni matope, hayafai picha. Mimi naona kinyume. Udongo ule umeteremka na Athi na Galana, majina ya mto huohuo huko juu, kutoka mbali sana, na mchanga ulioletwa na mto ndio uliotanua ufuo wetu na kulisha vile vilima vya kuelekea Mambrui. Nipatieni mstari ule ambapo maji mekundu yanakutana na ya bluu, nami nitawaachia flamingo wenu wote.

Sasa Arabuko-Sokoke, na hapa nitakaa kidogo maana nina ugomvi. Msitu ule ni kama kilomita za mraba 420, na ndani yake yumo bundi mdogo wa Sokoke, urefu wake sentimita 17 hivi, anayelala mchana vichakani. Kuna wapiga picha humpigia sauti yake mwenyewe kwenye simu ili ajibu. Yeye hudhani bundi mwingine ameingia mipakani mwake. Anaacha kupumzika, anajitokeza mchana mweupe. Picha ya namna hiyo tukiigundua hatuipi hata alama moja. Flashi usoni mwake vilevile. Na ukiona kiota, usitangaze kilipo.

Ukitaka kuonyesha ujuzi, mtafute sange mwenye kiuno cha dhahabu, mnyama mdogo mwenye pua ndefu, ambaye dunia nzima yupo pwani ya Kenya tu. Ukimkimbilia utapiga picha ya majani. Nenda mapema, kaa chini, tega sikio. Utamsikia akipekua majani makavu kabla hujamwona. Pengine hatakuja. Basi piga ile njia yenyewe, mti wa mrihi na mwanga wake, maana hayo nayo ni matembezi.

Watu je? Njia za mashambani zina wenyewe. Mama aliyebeba kuni, muulize. Mgema akiwa juu ya mnazi hana mkono wa kukukataza, kwa hiyo msubiri ashuke. Mtoto, aulizwe mzazi wake.

Kijana pale nyuma anauliza kuhusu kuhariri. Kurekebisha mwangaza na kukata kingo, sawa. Kumpachika ndege ambaye hakuwapo, hapana, na tutadai faili ya awali. Droni? Inahitaji kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga, na juu ya ndege waliopumzika Mida sitaki kuisikia, hata ukiwa na kibali. Anayetaka kwenda Mida na kundi bamvua ijayo, daftari liko mezani pale mlangoni. Aandike jina, na aje na viatu ambavyo haoni uchungu kuvitia topeni.