Hasara ya Safarini Isemwe

Shikamooni wazee wangu. Wengine nyote, habari za mchana.

Jambo hili nimelisema Kariakoo, nimelisema kwenye vikundi vya kina mama, na leo nalisema tena kwa sababu bado linatuumiza. Mtu anafuata mzigo Guangzhou kule China au Dubai, anaibiwa fedha au begi halitokei, kisha anazima simu. Sisi nasi tukimpata tunamwambia "jipe moyo", tunadhani tumemaliza. Atajipaje moyo peke yake, amejifungia chumbani? Moyo mtu hupewa na watu, na watu hawawezi kumpa kama hawajui yaliyompata.

Nawarudisha kwa Ibn Battuta, msafiri yule Mmoroko aliyepita Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Habari za Kilwa mnazijua. Mimi nataka za Calicut, pwani ya Malabar huko India, miaka kumi na kitu baadaye.

Sultani wa Delhi, Muhammad bin Tughluq, alimtuma China na zawadi za kumpelekea mfalme wa huko: farasi, watumwa, vitambaa, vyombo vya dhahabu na fedha. Bandarini Calicut zawadi zikapakiwa kwenye merikebu kubwa ya Kichina, na mali yake mwenyewe kwenye chombo kidogo. Yeye akabaki pwani kuswali Ijumaa. Bahari ikachafuka. Usiku merikebu ya zawadi ikapasuka, wenzake wa ujumbe wakafa, na wale wa chombo kidogo walipoona hivyo wakatweka tanga wakaondoka na mali yake yote. Mtumwa aliyekuwa amemwacha huru, ndiye pekee aliyebaki naye, akamkimbia. Anasimulia kwamba alibakiwa na dinari kumi na zulia alilolalia.

Hebu jiwekeni hapo. Iliyopotea si mali yake tu, ni ya sultani, tena sultani mkali! Mliowahi kusafiri na fedha za kikundi au za mkopo mnaelewa ninachosema.

Akaambiwa chombo kile kitapitia Kollam, bandari nyingine ya pwani hiyo, akakifuata hadi Kollam. Hakikuja. Akafikiria kurudi Delhi, akaogopa kuulizwa kwa nini aliachana na zawadi. Hofu alikuwa nayo, na simlaumu. Akaenda Maldives, akawa kadhi, akapata mali tena. Alipoondoka huko, maharamia wakamvamia baharini wakamnyang'anya kila kitu, wakamwachia suruali tu. Sasa sikilizeni alichofanya. Alirudi Calicut akaingia msikitini vile vile alivyo. Msikitini, mbele za watu! Fakihi mmoja, mwanazuoni wa sheria za dini, akampelekea vazi, kadhi akampelekea kilemba, mfanyabiashara mmoja akaleta vazi jingine. Angejificha kwa aibu, nani angejua kwamba hana nguo? Akaanza safari upya, na kwa maelezo yake mwenyewe, China alifika.

Najua yupo wa kuniambia: mwalimu, yule alikuwa msomi, sisi nani atatuletea kilemba? Ni kweli, elimu ilimfungulia milango. Ukadhi wake haukuzama na merikebu. Lakini wewe unayejua kitambaa kizuri kwa kukigusa tu, unayejua duka lipi Guangzhou halikudanganyi, hayo nayo mwizi ameyachukua? Na jina lako kwa wateja je? Hilo unaliharibu mwenyewe kwa kuzima simu.

Mwingine atasema: nikitangaza hasara, wateja watanikimbia. Jamani! Mteja aliyekupa fedha zake akakupigia wiki nzima hupatikani, unadhani anafikiri umeibiwa? Anafikiri umemwibia. Hili linanikera kwa sababu nawaona watu waaminifu kabisa wakiitwa matapeli, kisa ni aibu tu.

Naonyeshwa kwamba muda umebaki kidogo, kwa hiyo haya nayapitia mbio. Begi lisipotokea uwanja wa ndege, usitoke ukumbi wa mizigo kabla ya kuandikisha taarifa na kupewa namba yake. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999 wa safari za ndege za kimataifa, ambao Tanzania, Kenya na China zimo, unataka ulalamike kwa maandishi ndani ya siku 7 kwa begi lililoharibika, na ndani ya siku 21 tangu ulipokabidhiwa begi lililochelewa. Ukikaa kimya mwezi mzima kwa haya, haki yako imekwenda. Pasipoti ikipotea, polisi kwanza, kisha ubalozi. Simu ikiibiwa, funga laini hapo hapo. Anayekudai mpigie wewe, kabla hajapata habari kwa mwingine. La bima nilikusudia kulisema. Lina maneno mengi, naliacha.

Maswali yatakuja. Kwanza naomba kipaza sauti kizungushwe huko nyuma. Aliyepata hasara safarini mwaka huu na hajamwambia mtu, aanze yeye, na asiwepo wa kumuuliza "kwani ulikuwa unaangalia wapi?"