Msamaha wa Desemba

Bwana Yesu asifiwe. Wazazi wangu, ndugu zangu, Desemba imekaribia. Watoto watapanda Moshi kutoka Dar na Mwanza, vihamba, mashamba yetu ya nyumbani, vitajaa, na nyumba kadhaa zitaitisha kikao cha ukoo ili "tuyamalize". Nawaomba tusiyamalize haraka.

Nimekaa kwenye vikao hivyo. Binti yuko pembeni, baba mdogo aliyekula pesa ya ada yake baada ya msiba yuko mbele, na shangazi anasema, "Samehe tu mwanangu, damu nzito." Binti anatoa mkono huku anatazama sakafu. Tunapiga makofi, mbege inamiminwa. Mwaka unaofuata hapandi.

Robert Enright, mwanasaikolojia wa Marekani aliyeutafiti msamaha kwa miongo kadhaa, anatenganisha mambo mawili. Kusamehe ni kazi ya aliyeumizwa, anaweza kuifanya hata peke yake. Kupatana kunataka watu wawili na kuaminiana kulikojengwa upya. Na katika njia yake, mtu huanza kwa kuitazama hasira yake. Sisi hasira ya mtoto tunaiita utovu wa adabu.

Someni tena habari za Yusufu. Aliuzwa utumwani na ndugu zake akiwa na miaka 17. Ndugu zake walipofika Misri kutafuta nafaka aliwatambua, wala hakuwakumbatia. Alijitenga akalia, kisha akawapima, mpaka Yuda, yuleyule aliyetoa shauri la kumuuza, alipojitoa abaki mtumwa badala ya mdogo wao Benyamini. Hapo ndipo akajitambulisha. Tena tazameni sura ya 50 ya Mwanzo: Yakobo, baba yao, ameishi Misri miaka 17, amekufa, na ndugu bado wanaogopa kisasi. Miaka yote hiyo wamekula mkate wa Yusufu kwa hofu! Na ni katika sura hiyo tunasoma kwa mara ya kwanza wakimwomba msamaha kwa maneno. Yusufu akalia.

Wazee wetu Wachaga walijua nani aanze. Jani la isale, ishara ya kuomba msamaha, hubebwa na aliyekosa. Basi kikaoni aanze yeye, alitaje kosa lenyewe: "Nilikula ada yako," na aseme ataanza lini kuilipa. Aliyeumizwa akijibu kwamba bado, asiitwe mkaidi, wala asinyimwe sahani yake.

Palipo na kipigo au mtoto kuingiliwa, msiitishe kikao. Nendeni Dawati la Jinsia na Watoto, polisi, siku hiyohiyo.