Mechi Isiyo na Faida: Giants wa 2007

NEEMA: Wasikilizaji, karibuni tena. Mimi ni Neema, niko Dar, na kama mnasikia mvumo huo ni feni, siizimi ng'o. Upande wa pili yuko kaka yangu Bakari, New Jersey. Shikamoo kaka.

BAKARI: Marahaba mdogo wangu. Feni! Huku nimevaa soksi mbili mbili.

NEEMA: Baridi utaifikia, kuna mechi yake. Leo ni mpira wa Kimarekani. Umekuwa ukiniambia mwezi mzima kuhusu New York Giants wa 2007, wanyonge waliomfunga mbabe ambaye hakuwa amefungwa, New England Patriots. Naanza kwa kubisha: mnyonge gani anatoka New York?

BAKARI: Kwanza hawatoki New York. Jina tu. Uwanja wao uko East Rutherford, huku kwetu Jersey.

NEEMA: Kama timu ijiite ya Dar halafu icheze Kibaha.

BAKARI: Ndiyo hivyo. Na suala la hela halipo kama unavyolizoea. Ligi ile ina kikomo cha mishahara, mwaka huo kilikuwa dola milioni 109 kwa kila timu. Tajiri hawezi kununua wachezaji wote akamaliza ligi mwezi wa kumi na mbili. Unyonge wa Giants ulikuwa wa heshima. Walikuwa hawaaminiki. Kocha wao Tom Coughlin alikuwa anakalia kuti kavu, kwotabeki wao, yaani yule anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi, Eli Manning, alikuwa anaitwa mdogo wake Peyton, basi. Na Peyton ndiyo kwanza alikuwa ametoka kubeba Super Bowl, fainali ya ligi, na Indianapolis Colts.

NEEMA: Huyo Coughlin nimesoma alikuwa na saa zake mwenyewe.

BAKARI: Kikao cha saa tatu kwake kilianza saa tatu kasoro dakika tano. Ukifika saa tatu kamili umechelewa, faini. Wachezaji walikuwa hawampendi. Lakini kabla ya msimu ule alibadilika. Akaunda baraza la wachezaji wakubwa wamwambie ukweli, na wakati wa kambi siku moja akafuta kikao, akawapeleka wote kucheza bolingi. Mzee mkali, miaka sitini na ushee, anarusha tufe na vijana! Hiyo ilivunja barafu kuliko hotuba yoyote.

NEEMA: Msimu ukaanza vipi?

BAKARI: Vibaya sana. Dallas wakawapiga 45 kwa 35, kisha Green Bay wakawapiga 35 kwa 13. Mechi mbili, pointi themanini mlangoni. Ya tatu wako Washington, mapumziko wanafungwa 17 kwa 3. Nilikuwa na mwaka mmoja tu nchini, nafanya zamu ya usiku kwenye ghala, mashabiki wenzangu kazini tayari wanataka kocha mpya. Kipindi cha pili wakarudi, wakaongoza 24 kwa 17, na mwishoni Washington wakafika yadi moja kutoka mstari wa goli. Yadi moja, Neema. Haitimii hata mita.

NEEMA: Subiri, waeleze wasiojua. Timu ina majaribio manne ya kusogeza mpira yadi kumi, si ndiyo? Ukifanikiwa unapata mengine manne.

BAKARI: Na hapo karibu na mstari hakuna yadi kumi za kutafuta, ni kuingia tu upate pointi sita. Walijaribu mpaka majaribio yakaisha. Giants wakasimama kama ukuta. Kuanzia hapo wakashinda sita mfululizo, moja ikiwa London, Wembley, dhidi ya Miami, mvua na tope, 13 kwa 10. Ndiyo ilikuwa mechi ya kwanza ya msimu wa NFL, ndiyo hiyo ligi yetu, kuchezwa Ulaya.

NEEMA: Na kuna ile ya McNabb.

BAKARI: Aa, Philadelphia Eagles! Kwotabeki wao Donovan McNabb aliangushwa na mpira mkononi mara kumi na mbili usiku mmoja. Sita kati ya hizo ni Osi Umenyiora peke yake. Kijana aliyezaliwa London, wazazi Wanigeria, akaishi Nigeria pia utotoni. Sasa shika hilo la kumwangusha kwotabeki, ndiyo siri ya hadithi yote hii. Timu nyingi zikitaka kumkimbiza kwotabeki zinaongeza watu: wanatoka watano, sita. Ukifanya hivyo nyuma umebaki na uwazi. Giants walikuwa na Michael Strahan, Umenyiora na Justin Tuck, kwa hiyo wanne tu walitosha kumfikia mtu, na saba wanabaki nyuma kulinda.

NEEMA: Bila kusahau Kiwanuka. Hapo mimi ndipo nilipokaa vizuri kwenye kiti.

BAKARI: Mathias Kiwanuka. Amezaliwa Indianapolis, lakini babu yake ni Benedicto Kiwanuka, waziri mkuu wa kwanza wa Uganda.

NEEMA: Na baadaye jaji mkuu. Watu wa Amin walimkamata mahakamani Septemba 1972, akauawa. Mjukuu wake miaka 35 baadaye yuko New Jersey anakimbiza makwotabeki. Dunia hii.

BAKARI: Msimu ule walimhamisha nafasi, akavunjika mguu Detroit mwezi wa kumi na moja. Akakosa utamu wote. Ila alirudi, miaka minne baadaye akacheza fainali nyingine na Giants, dhidi ya Patriots walewale, wakashinda tena.

NEEMA: Haya, Patriots. Walikuwa wabaya kiasi gani?

BAKARI: Tom Brady anarusha, Randy Moss anadaka. Pointi 589 msimu mzima, rekodi wakati huo. Walikuwa hawashindi tu, walikuwa wanaaibisha watu. Wanafika mechi ya mwisho ya ligi, ya kumi na sita, hawajafungwa. Na mpinzani wao siku hiyo, tarehe 29 Desemba, ni Giants.

NEEMA: Na Giants hawakuwa na cha kupoteza.

BAKARI: Wala cha kupata! Hapo ndipo ninapotaka tukae. Giants walishafuzu mtoano wiki moja kabla, kule Buffalo. Wakishinda, wakifungwa, nafasi ni ileile ya tano, wataanza Tampa ugenini. Kila mtu mwenye akili alisema pumzisha kikosi. Tayari Jeremy Shockey alikuwa amevunjika mguu, mdakaji wao Plaxico Burress kifundo kinamsumbua msimu mzima, hata mazoezi anafanya kwa nadra. Coughlin akasema tunacheza, kikosi cha kwanza, mechi nzima.

NEEMA: Mimi ningemfukuza.

BAKARI: Ungekuwa na wenzako wengi, maana walifungwa. 38 kwa 35. Na O'Hara, yule anayempa Eli mpira, akaumia. Sam Madison wa ulinzi akaumia.

NEEMA: Umefungwa, umeumiza watu wawili, kwa mechi isiyo na faida. Nieleze faida.

BAKARI: Giants waliongoza 28 kwa 16 kipindi cha tatu. Ulielewa? Wale waliokuwa wanatisha dunia walipelekwa mbio. Eli alirusha mipira minne ya tachidauni, zile za pointi sita. Wachezaji walitoka uwanjani wamefungwa lakini hawana woga tena. John Madden mwenyewe, gwiji wa ukocha na utangazaji, alimwachia Coughlin ujumbe kwenye simu kumpongeza. Ukiniuliza mimi, ushindi wa Super Bowl ulipatikana usiku ule, mwezi mzima kabla haijachezwa.

NEEMA: Hiyo ni rahisi kusema ukishajua matokeo, kaka.

BAKARI: Sawa, nakubali kidogo. Kidogo.

NEEMA: Mtoano. Kimbia, usinipitishe kila jaribio.

BAKARI: Tampa, 24 kwa 14. Hiyo basi. Kisha Dallas, namba moja upande wao, waliokuwa wameshawapiga Giants mara mbili msimu ule. 21 kwa 17, na R.W. McQuarters akanasa pasi ya mwisho ya kwotabeki wao Tony Romo ndani ya eneo la goli. Sasa Green Bay.

NEEMA: Baridi!

BAKARI: Nyuzi 18 chini ya sifuri, Selsiasi, na hapo sijaweka upepo. Uso wa Coughlin ulikuwa mwekundu kama nyanya, kwenye televisheni watu walidhani ana ugonjwa. Mimi zamu ilikuwa inaanza, nasikiliza redio kwenye gari, nimezima hita kuokoa mafuta, nikajisemea nawaunga mkono kwa vitendo.

NEEMA: Muongo wewe.

BAKARI: Wallahi. Burress na kifundo chake akadaka pasi kumi na moja, yadi 151. Mchezo uko 20 kwa 20. Mpiga teke wao, Lawrence Tynes, mzaliwa wa Scotland, anakosa teke la yadi 43. Anapewa lingine mwisho wa muda, yadi 36, anakosa tena! Coughlin akamkaripia hadharani. Wanaingia dakika za nyongeza. Corey Webster wa Giants ananasa pasi ya Brett Favre, kwotabeki wa Green Bay, Giants wanasogea kidogo, inakwama. Yadi 47, mpira umeganda kama jiwe. Kabla kocha hajaamua, Tynes alishaingia mwenyewe uwanjani anakimbia.

NEEMA: Aliyekosa mara mbili za karibu, anajipeleka kupiga ya mbali.

BAKARI: Akaipiga katikati. 23 kwa 20. Na alipoona imeingia hakusimama kushangilia, alikimbia moja kwa moja vyumbani. Baridi ile huwezi kumlaumu. Hiyo ilikuwa ushindi wa kumi mfululizo ugenini. Nyumbani walikuwa wanafungwafungwa, ugenini simba.

NEEMA: Yanga tunakusikia, kaka, tafuta mnyama mwingine. Fainali.

BAKARI: Tarehe 3 Februari 2008, Glendale, Arizona. Patriots 18 bila kufungwa. Watu wa kamari waliona watashinda kwa karibu pointi 12. Burress akatabiri Giants watashinda 23 kwa 17. Brady akacheka mbele ya waandishi, eti sisi tutafunga 17 tu?

NEEMA: Wakafunga ngapi?

BAKARI: Kumi na nne.

NEEMA: Ha! Mikeka ilichanika.

BAKARI: Giants walimwangusha Brady mara tano. Mtu aliyezoea kusimama kama anasubiri daladala, siku hiyo hakupewa nafasi ya kupumua. Mpaka robo ya mwisho inaanza Patriots walikuwa mbele 7 kwa 3. Halafu Patriots wakaongoza 14 kwa 10, zimebaki dakika mbili na sekunde 42. Eli ana yadi 83 za kwenda.

NEEMA: Na ndipo anapoingia David Tyree.

BAKARI: Tyree alikuwa mtu wa kazi za pembeni. Msimu mzima alidaka pasi nne. Ijumaa kabla ya fainali, mazoezini, mipira ilikuwa inamponyoka mmoja baada ya mwingine. Jaribio la tatu, yadi tano zinatakiwa. Eli anashikwa jezi, wanamvuta nyuma, wewe unaona ameshalala. Anachomoka. Sijui kwa vipi, mpaka leo nikiitazama nadhani safari hii watamwangusha. Anarusha juu, katikati ya uwanja. Tyree anaruka, Rodney Harrison, mlinzi wa Patriots, amemng'ang'ania, anapiga mkono ule, na Tyree anaubana mpira kwenye kofia yake. Kwenye kofia, kwa kiganja kimoja! Wanaanguka wote, mpira haugusi nyasi. Yadi 32.

NEEMA: Nimeitazama jana mara sita. Harrison hakukosea kitu.

BAKARI: Hakukosea. Ndiyo maana inauma. Muda kidogo baadaye Burress akabaki peke yake pembeni ya goli, yadi 13, zimebaki sekunde 35. 17 kwa 14. Huko kwenu ilikuwa inakaribia saa kumi na mbili asubuhi ya Jumatatu.

NEEMA: Nilikuwa najiandaa kwenda shule, sina habari. Strahan akastaafu na pete yake ya ubingwa, Eli akawa mchezaji bora wa fainali. Na Tyree? Msimu uliofuata alikuwaje?

BAKARI: Aliumia, akakaa nje mwaka mzima. Baadaye akaenda Baltimore.

NEEMA: Akadaka ngapi huko?

BAKARI: Hata moja. Ile ya kwenye kofia ndiyo ya mwisho aliyodaka kwenye ligi.