Pampasi Marekani: nani analipiwa, na karatasi inakwama wapi

Habari zenu ndugu zangu. Wengi huko nyumbani mnaamini kwamba Marekani mtoto akizaliwa, serikali inaleta pampasi mlangoni. Hapana. Kadi ya chakula ya SNAP hainunui pampasi. WIC, inayowapa akina mama wenye watoto wadogo maziwa na mayai, nayo hainunui. Kwa hiyo ndugu yako aliye huku akikwambia chakula kipo ila pampasi zimemshinda, mwamini.

Majimbo machache yameanza kusaidia. Tennessee, tangu Agosti 2024, kupitia Medicaid, yaani bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, inatoa hadi pampasi 100 kwa mwezi kwa mtoto wa chini ya miaka 2. Piga hesabu: kichanga hubadilishwa mara 8 kwa siku, pengine zaidi. Hizo 100 zinaisha siku ya 12 au 13. Ni msaada wa kweli, lakini nusu ya mwezi haijafika.

Njia iliyo wazi zaidi ni ya mtoto mkubwa mwenye ugonjwa: mtindio wa ubongo, mgongo wazi, au usonji unaomchelewesha kujua choo. Medicaid inatakiwa kumlipia hadi afikishe miaka 21, daktari akithibitisha kwamba anazihitaji kiafya. Umri wa kuanzia unategemea jimbo. Mengi huanzia miaka 3, California ni 5. Na wapo wazazi wanaonunua kwa pesa zao miaka nenda rudi kwa sababu hakuna aliyewaambia. Inaniuma sana.

Sasa karatasi ya daktari. Akiandika tu “mkojo unamtoka”, itarudishwa. Lazima autaje ugonjwa unaosababisha. Akiandika “kadiri atakavyohitaji”, itarudishwa pia. Wanataka namba: 6 kwa siku, 180 kwa mwezi. Kwa hiyo kabla ya kwenda kliniki, mama, hesabu siku tatu mfululizo umebadilisha mara ngapi, mchana na usiku, uandike. Na saizi usikisie kwa suruali. Chukua utepe wa fundi cherehani, pima kiuno, pima nyonga, tumia namba iliyo kubwa. Pampasi ikipwaya, inavuja mapajani na kulowesha godoro, halafu mnadhani zimetolewa chache.

Karatasi hiyo inakwenda kwa kampuni ya vifaa tiba inayokubaliwa na bima yako. Ukipeleka kwingine, hawalipi. Kampuni nyingi hupiga simu kila mwezi kuuliza zimebaki ngapi kabla ya kutuma nyingine. Usipopokea, mzigo hauji. Hapa ndipo watu wetu wanapokwama hasa, namba ngeni wanaikata! Pokea, sema “Swahili interpreter”. Mkalimani ni haki yako, na hulipii.

Ukikataliwa, soma barua yote. Sababu imeandikwa humo, pamoja na tarehe ya mwisho ya kukata rufaa. Mara nyingi kilichokosekana ni sentensi moja ya daktari.

Kwa wazee ni habari nyingine. Medicare ya kawaida, yaani bima ya serikali kwa wazee, hailipii pampasi za watu wazima. Mzazi mwenye kipato kidogo aliye na Medicaid pia, aombe kupitia hiyo Medicaid, kwa karatasi ileile yenye ugonjwa, saizi na idadi.